Vifungo vya Koti la Mpelelezi

Mama mkwe wangu aliitazama filamu ile mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alirudi nyumbani akaniambia pindo la gauni langu limepinda. Ndivyo alivyo. Ukimpelekea chai atakwambia ni nzuri, lakini kikombe kina ufa. Ukimpikia atasema kimeiva, lakini mbona umechelewa? Tumekaa nyumba moja miaka kumi na minne, na sijawahi kusikia neno la sifa likitoka kwenye mdomo ule bila "lakini" kulifuata nyuma.

Na mimi si mtu wa kunyamaza. Nina hasira za karibu, nakiri. Mume wangu husema mimi ni kama pasi ya umeme, napata moto upesi na kupoa upesi. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu maneno hayapungui, na yeye maskini, kazi yake kutengeneza saa, hukaa katikati akijifanya anasikiliza saa zake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike: magauni, sketi, blauzi, sare za wasichana wa shule. Chumba changu cha kazi kiko chini ya nyumba, kinatazama barabara, na juu ya mlango pana kibao cha maandishi mekundu: HAPA NDIPO LILIPOSHONWA KOTI LA MPELELEZI. Kibao hicho kimeniletea wateja kwa miaka minne. Watu wanatoka mitaa ya mbali, wanapiga picha mlangoni, halafu wanaona aibu kuondoka bila kuagiza hata sketi moja.

Habari ya koti lenyewe ilianza hivi. Siku moja asubuhi alinijia kijana mwembamba mwenye kamera ya kuazima na imani tele. Alikuwa mwongozaji wa filamu, ingawa filamu yenyewe alikuwa hajaitengeneza bado. Fundi wake ameugua, zimebaki siku tatu waanze kupiga picha, naye anataka makoti manne ya kijivu yanayofika magotini, yote sawasawa. Moja la kuzungumzia, moja la kukimbilia, moja la kutumbukia majini, na moja la kuchomwa moto. Nilishangaa kweli. Kumbe koti moja unaloliona kwenye filamu ni ukoo mzima!

"Mimi nashona nguo za kike, mwanangu," nikamwambia.

"Mama, koti ni koti," akanijibu.

Na mimi kwa kichwa changu kigumu nikakubali. Siku tatu sikuinua uso. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumtembelea wifi yangu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusimama nyuma yangu akihesabu mishono. Nikasema moyoni, afadhali. Laiti angekuwepo!

Siku ya pili ya kupiga picha waliniita nikashone mkono wa koti uliochanika. Nikafika, nikakuta mwigizaji anayecheza Mpelelezi amesimama mbele ya mlango wa ghala. Ndani wamo majambazi. Kabla hajaingia anatakiwa afunge koti. Basi vidole vyake vikawa vinapapasa, vinatafuta, kifungo kinamkwepa, anainamisha kichwa, anakitafuta tena. Walipozima kamera akafoka, "Nani kashona haya makoti? Vifungo vinanikataa!"

Nikaangalia. Nikaangalia tena.

Kila fundi anajua, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza: nguo ya kiume, upande wa kushoto hukaa juu; nguo ya kike, upande wa kulia hukaa juu. Mkono wangu uliozoea magauni miaka ishirini ulikuwa umekwenda wenyewe kama mbuzi anayejua zizi lake, ukatoboa matundu ya vifungo upande wa kike. Kwenye makoti yote manne! Mwanamume mzima, bastola kiunoni, amevaa koti la kike, na siku mbili za kazi zimeshapigwa picha.

Nikafanya nini? Nikafunga mdomo. "Vifungo vipya huwa vigumu," nikasema, "vitalegea." Mwongozaji na watu wake hawakujua tofauti, wanaume wengi hufunga nguo zao kila siku na hawajui upande gani uko juu. Nikashona ule mkono, nikaondoka na dhambi yangu.

Filamu ikatoka, ikapendwa ajabu. Kulikuwa na kufukuzana juu ya mapaa, kuruka kutoka gari hadi gari, ngumi za kutosha kila mtu. Lakini kitu ambacho watu walitoka nacho ukumbini ni pale Mpelelezi anaposimama mbele ya kila hatari, anainamisha kichwa, anafunga koti lake polepole, vidole vinapapasa, halafu anaingia. Watoto wa mtaani kwetu wakawa wanamwigiza, hata wasiokuwa na koti. Na siku moja sokoni, muuza mboga wangu akaniambia, machozi yakimlengalenga, "Lile koti linaniua mimi. Si unajua ni la marehemu mama yake?"

Nusura niangushe kapu. "Mama yake nani?"

"Mpelelezi! Kila akilifunga anamuaga mama yake. Hukuona anavyolifunga?"

"Nani kakwambia?"

"Ah! Kila mtu anajua."

Mimi niliyelishona ndiye pekee sikujua. Filamu yenyewe haikumtaja mama wa mtu yeyote, hata kwa bahati mbaya. Lakini sikubishana. Nikanunua mboga zangu, nikarudi nyumbani nikamshukuru Mungu kwa watu wenye ndoto, na wiki ile ile nikaandikisha kibao.

Sasa, sehemu ya kwanza iliishia Mpelelezi amesimama juu ya paa. Mkuu wa majambazi amemponyoka, mvua inanyesha, na yeye anafunga koti. Basi, giza, majina yanapita. Mtu unatoka pale umekatwa ulimi. Kwa miaka minne mama mkwe wangu aliishi na kidonda hicho.

"Nitakufa sijaiona sehemu ya pili," alikuwa akisema kila apatapo mafua. "Nitakufa sijui kama alimpata aliyemuua mama yake."

"Mama, hakuna mahali waliposema mama yake aliuawa."

"Wewe ulishona koti tu. Filamu huielewi."

Nami nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Mwanamke aliyefanya kazi kiwanda cha mashati miaka ishirini na sita, anayeona pindo langu limepinda akiwa ng'ambo ya barabara, ameliona koti lile mara kumi na moja na hajagundua kitu! Nikasema macho yameshachoka. Miwani yake ilikuwa imekatika mkono mmoja hata kabla ya filamu kutoka, akakataa katakata kununua mingine, ikabidi nimfungie kwa uzi wa zambarau kutoka dukani kwangu. Alipoivaa alisema inashika, lakini rangi haipendezi.

Ndipo mwaka huu mwongozaji akanipigia simu. Sehemu ya pili inaanza.

Safari hii hakuwa na kamera ya kuazima. Alikuwa na jengo zima, vyumba vya kuvalia, taa kubwa kama meza, na msimamizi wa mavazi aliyesomea kazi hiyo vyuoni. Huyo msimamizi nilimpa jina Bwana Rula, kwa sababu alitembea na rula ya chuma mfukoni mwa shati na alizungumza nayo mkononi. Mimi nilikuwa nimeitwa kama fundi wa marekebisho: kupiga pasi, kushona panapochanika. Bwana Rula hakujua mimi ni nani, wala hakuuliza. Makoti alikuwa ameshayaagiza kiwandani, kumi na mawili, mapya, yananing'inia mstari mmoja.

"Njoo uone maajabu," akaniambia siku ya kwanza. Akafungua sanduku la kioo, akatoa koti langu la zamani, lile la kuzungumzia. "Hili ndilo la sehemu ya kwanza. Angalia vifungo. Koti la mwanamume, limekatwa kike! Sijui fundi huyo walimwokota wapi. Alikuwa kipofu?"

Mimi, mwenye hasira za karibu, mwenye kibao chekundu mlangoni, nikasema, "Huenda alikuwa na haraka."

"Haraka! Usijali, nimelisahihisha. Yote kumi na mawili yako sawa. Ijumaa nahojiwa na gazeti, nitawaeleza jinsi kosa lile lilivyopita mbele ya macho ya watu wote miaka minne."

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Nikaiona picha yote: gazeti mikononi mwa wateja wangu, halafu kibao changu, halafu kicheko. Miaka ishirini na minne ya kushona ingefutwa na vifungo vitano. Nani atampelekea gauni la harusi fundi asiyejua upande wa kushoto na wa kulia?

Mchana huo wakapiga picha ya kwanza. Inaanzia pale pale tulipoachwa: juu ya paa, mvua ya mabomba, Mpelelezi na koti lake. Mwigizaji akasimama, akainamisha kichwa, akafunga. Tap, tap, tap, tap, tap. Kamaliza. Ungedhani anakwenda kununua mkate.

"Rudia," mwongozaji akasema.

Akarudia. Akarudia tena. Wakabadilisha taa, wakapunguza mvua, wakamwambia afunge polepole. Akafunga polepole, akawa kama mtu anayepoteza muda makusudi. Mara ya saba mwongozaji akakaa chini akashika kichwa.

"Kuna kitu hakipo," akasema. "Sikijui ni nini, lakini hakipo."

"Hata mimi sikisikii," mwigizaji akajibu. "Zamani nilipokuwa nafunga lile koti nilikuwa naogopa kweli. Sasa nafunga koti tu."

"Tutajaribu tena kesho," mwongozaji akasema. "Ikishindikana, tunaiondoa. Hatafunga koti kabisa, ataingia tu moja kwa moja na bastola."

Nilikuwa nimesimama pale na pasi mkononi. Katika watu arobaini, mimi peke yangu nilijua nini hakipo. Vidole havipapasi tena. Kifungo hakimkwepi tena. Nilijua, na kulisema ilikuwa ni kujivua nguo mbele ya kadamnasi.

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa ananisubiri mlangoni, miwani ya zambarau usoni, hata salamu sikupewa.

"Umemwona? Kafunga koti?"

"Kafunga, Mama."

"Polepole?"

Nikaingia ndani, nikatua mfuko, yeye nyuma yangu. "Nakuuliza, vidole vinapapasa kama zamani?"

Nikalipuka. "Mama, ni vifungo tu! Filamu ina magari, ina risasi, jengo zima linalipuliwa! Wewe umeshikilia vifungo!"

Nilidhani atanirudishia moto kwa moto, kama kawaida yetu. Hakunirudishia. Akakaa kwenye kiti, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Mkwe wangu," akasema, "risasi zote ni sawa. Ukiisikia moja umezisikia zote. Mambo mapya mimi nayafuatia nini? Mapya yako tele, kila ukifungua redio. Mimi nimengoja miaka minne nimwone yule yule niliyemwacha juu ya paa. Anasimama mlangoni, anaogopa, mikono inamtetemeka, halafu anafunga koti la mama yake na anaingia. Nataka kujua bado ni yule yule. Basi. Akibadilika, hiyo sehemu ya pili ni ya mtu mwingine."

Mume wangu naye pale mezani aliacha kujifanya anasikiliza saa.

"Na pindo lako limepinda," mama mkwe akaongeza, akainuka.

Mficha uchi hazai. Sikupata raha mpaka asubuhi. Nilipofika kazini sikupitia kwenye pasi. Nilikwenda moja kwa moja pale walipokuwa wamekusanyika: mwongozaji, mwigizaji, Bwana Rula na rula yake, na mwanamke mmoja wa makamo niliyekuwa sijamwona, mwenye daftari. Alikuwa mwandishi wa sehemu ya pili, ameitwa kwa sababu ya matatizo ya jana.

Nikasema liwalo na liwe.

"Kisichokuwepo ni kosa langu," nikasema. "Makoti ya kwanza niliyashona mimi. Nilizoea magauni, mkono ukakosea, nikatoboa matundu upande wa kike. Ndiyo maana alikuwa anahangaika nayo. Hakuwa anaigiza kuogopa, alikuwa anatafuta kifungo. Haya mapya yako sahihi, na ndiyo maana hayafai. Kama mnataka kunicheka, nichekeni sasa, nina kazi."

Bwana Rula akafungua mdomo, akaufunga. Masikio yakamwiva, nadhani alikumbuka ile habari ya kipofu.

Mwongozaji akamgeukia. "Leta lile la zamani."

Likatolewa kwenye sanduku la kioo. Mwigizaji akalivaa, hata kwenye paa hakupanda, alisimama pale pale katikati ya chumba. Akainamisha kichwa. Vidole vikaanza kupapasa. Kifungo cha kwanza kikamkwepa, akakitafuta, akakipata. Nakwambia, watu waliokuwa wanavuta nyaya waliacha nyaya. Mwenye chai akasimama na chai.

"Ndicho," mwongozaji akasema. "Ndicho hicho." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka minne watu wananisifu kwa hilo! Kumbe ni kosa!"

"Kosa?" Yule mwandishi akasimama na daftari lake. "Kosa vipi? Mimi nimeandika sehemu ya pili nzima juu ya koti la mama yake! Nilidhani ulipanga wewe!"

"Mimi nilidhani umelibuni wewe!"

"Mimi sikubuni. Nilisikia." Akatugeukia sisi wote. "Ile wiki ya kwanza nilikwenda kuitazama filamu kama mtu mwingine yeyote. Alipofunga lile koti mara ya kwanza, wanawake waliokuwa nyuma yangu wakaanza kucheka. Wanasema, tazameni, jitu zima limevaa koti la kike, fundi gani huyo! Kicheko kikaanza kuenea ukumbini. Mara akasimama bibi mmoja mfupi, akawageukia akawaambia, nyamazeni, hamna macho? Koti ni la marehemu mama yake, kila akilifunga anamuaga. Ukumbi ukanyamaza kimya. Tangu hapo hakucheka mtu, na mwishoni wale wale waliokuwa wanacheka walikuwa wanalia. Nikaenda nyumbani nikaanza kuandika."

"Bibi gani?" nikauliza.

"Simjui. Nakumbuka miwani yake tu. Ilikuwa imefungwa kwa uzi wa zambarau."

Nikatafuta kiti, nikakaa.

Saa saba mchana nilikuwa nyumbani. Nilimkuta mama mkwe barazani na sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Nikakaa karibu yake, nikavuta upande wa sinia, nikaanza kuchagua na mimi.

"Mama, wiki ile ya kwanza ya filamu, ulisimama ukumbini."

Vidole vyake vikasita kidogo, vikaendelea. "Walikuwa wanacheka."

"Kwa hiyo uliona."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Nimepachika vifungo kwenye mashati ya kiume miaka ishirini na sita, leo nisione koti limegeuzwa? Niliona kabla hata hajamaliza kifungo cha kwanza. Nikasema, lo, mkwe wangu kaniua!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Ulikuwa umefurahi. Umeandikisha kibao." Akatupa jiwe. "Mimi nitakusema ndani ya nyumba hii mpaka kesho, hiyo ni haki yangu. Lakini watu baki wakucheke ukumbini, mbele yangu? Ebo!"

Nikaangalia mchele, siwezi kuona mchele.

"Na ile mara ya pili ulikwenda kufanya nini?"

"Kulinda. Na ya tatu nilikwenda kulinda, nikakaa safu za nyuma kule kwenye wacheshi. Mara ya nne kabla sijasimama nikamsikia mtu anamnong'oneza mwenzake, koti ni la mama yake. Nikajua kazi imekwisha, watu watajilinda wenyewe."

"Na zile saba zilizobaki?"

Akanitazama juu ya miwani, nikaona uso wake umelegea kwa aibu kama msichana. "Ah, zile," akasema. "Nilikuwa nimeshaipenda filamu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, mume wangu akatoka mbio kuuliza kuna msiba gani, tukamfukuza arudi kwenye saa zake.

Tundu la kifungo likishatobolewa halizibiki, kwa hiyo makoti kumi na mawili ya kiwandani hayakufaa kitu. Mwongozaji akanipa siku sita nishone mengine kumi na mawili, safari hii kwa makusudi. Bwana Rula mwenyewe alikuja dukani kwangu akasimama chini ya kibao, akakisoma, akanivulia kofia. "Fundi," akasema, "nilisema neno baya." Nikamwambia akae akate bitana, maneno hayashoni koti. Akakata vizuri, sina ubaya naye. Ijumaa gazeti lilikuja, naye akawaeleza kwamba koti limeshonwa na fundi yule yule, kwa namna ile ile, na kwamba siri ya vifungo wataijua ukumbini.

Na vifungo vyote sitini alivipachika mama mkwe kwa mkono. Alishuka ngazi na kiti chake, akakaa pembeni ya cherehani yangu, akanilaumu kwa taa, kwa mkasi, kwa uzi, siku sita mfululizo. Sijawahi kufurahia kazi kama siku zile.

Miezi ikapita, sehemu ya pili ikaonyeshwa Jumamosi moja, saa tisa alasiri. Tulipewa viti safu ya tano, mama mkwe katikati yetu, amevaa gauni nililomshonea mimi na miwani mipya aliyoikubali kwa shida, ingawa ule uzi wa zambarau alikataa kuutupa, ameufunga kwenye mkoba. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Taa zikazimwa. Mvua ikaanza kunyesha, na pale pale juu ya paa, pale pale tulipomwacha miaka minne iliyopita, Mpelelezi akainamisha kichwa.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Vidole vikapapasa. Kifungo kikamkwepa, akakitafuta. Nilisikia watu wakivuta pumzi pamoja naye. Nyuma yetu mtu akamnong'oneza mwenzake, "La mama yake hilo." Mama mkwe akaushika mkono wangu, akaubana. Kifungo cha tano kikaingia, Mpelelezi akainua uso, akaruka kutoka kwenye paa, na watu wakapiga makofi kama wamemwona ndugu anashuka safarini.

Mama mkwe akanisogelea sikioni.

"Umeshona vizuri," akasema.

Nikangoja "lakini". Magari yakafukuzana, jengo likalipuka, mkuu wa majambazi akakamatwa, majina yakapita, jina langu likapita. Nikangoja mpaka taa zikawashwa. Haikuja.